Mteja atume kwa namba yangu, niweke till, ama nibaki na keshi tu?

Shikamoo mjomba,

Mimi nauza mahamri na mbaazi huku Likoni, Mombasa, karibu na feri. Saa kumi na moja alfajiri jiko lishawaka, watu wanakunywa chai mbio mbio wavuke kazini, halafu jioni natoa viazi karai na bhajia kwa wanaorudi. Hamri moja bob kumi, sahani ya mbaazi hamsini, chai ishirini. Siku ikiwa nzuri nauza kama elfu tatu unusu, ikinyesha ndo nusu yake ama chini, na mara moja moja naletewa oda ya samosa, ya maulidi ama ya ofisi huko mjini.

Sasa ishu ni malipo, kichwa chaniuma. Zamani ilikuwa keshi tu na ilinitosha, shida yake ni chenji. Mtu amekula mahamri manne, mbaazi na chai, hiyo ni 110, anatoa noti ya thao, elfu nzima. Saa kumi na mbili asubuhi thao nitaivunja wapi mjomba? Naikimbiza kwa muuza maji hana, kwa watu wa boda hawana, na huku nyuma feri ishafungua watu wameinuka wote kwa pamoja, nikirudi nakuta vikombe vitupu na wenyewe hawapo.

Ndo nikaandika namba yangu ya simu kwa kibao watu watume M-Pesa. Mwanzo ilikuwa raha. Baadaye ndo nikaona mambo. Kwanza wajanja, ile 110 hawaitumi mara moja manake ikipita soo moja wanakatwa bob saba, basi wanatuma mia kwanza halafu kumi, simu inalia mara mbili kwa mtu mmoja, foleni imejaa sijui nani kamaliza nani bado, na kuna wanaotuma ile mia tu wakaenda zao. Pili shule zilipofungua nilifuliza, nikakopa ule mkopo wa M-Pesa, nikanunua sare za watoto, basi ikawa kila anayenitumia hela inamezwa, jioni nimeuza vizuri kabisa lakini simu yasoma sufuri na unga wa kesho sina. Tatu hawa wanaume wanaobaki na namba yangu, saa nne za usiku mtu anakuandikia "mama mahamri umelala?" na simu iko mkononi mwa mume wangu anaangalia mpira.

Lakini lililonikata maini ni la samosa. Jamaa aliagiza za 1,800 za mkutano wao ng'ambo, akatuma mbele yangu, meseji nikaiona kwa macho yangu, nikampelekea mpaka ofisini. Sijafika hata kwa feri kurudi naingiwa na meseji hela imerudishwa kwa mwenyewe. Nampigia hashiki.

Basi nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu asema nirudi keshi, na keshi yenyewe huiweka kwa mkebe wa Blue Band juu ya kabati. Binti wa mamangu mdogo asema nijisajili Pochi la Biashara. Shemeji yangu, ndugu wa mume, ana duka la vifaa vya ujenzi na till anayo tayari, ile namba ya biashara ya kulipiwa kwa M-Pesa, asema kwani wateja wangu wasilipe kwa till yake halafu jioni anipe hesabu yangu, manake nikisajili ya kwangu eti KRA, watu wa kodi, watanifuata mpaka jikoni. Na juzi mtu kaniuliza kama nachukua kadi! Mimi na kadi wapi na wapi.

Nifuate ya nani mjomba?

Mama Mahamri, Likoni

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hayo ya samosa.

Nianze na shemeji, manake mengine yote yanaweza kungoja wiki moja mbili lakini hilo la shemeji likishaanza kulitoa ni kazi. Wateja wako wasilipe kwa till yake. Sisemi ni mtu mbaya, simjui. Nasema till ni ya yule aliyeisajili kwa kitambulisho chake, hela ikiingia pale kwa hesabu zote ni ya kwake, wewe huna PIN, huna meseji, huoni nani kalipa nani hajalipa mpaka umpigie "shemeji imeingia 110?" na yeye saa hizo anampimia mtu misumari. Jioni hela ya mahamri ishachanganyika na ya saruji. Siku moja atakuwa na mzigo wa kulipia haraka, atachukua yako akijua kesho atarudisha, na kesho kutakuwa na mzigo mwingine. Utamdai vipi ndugu wa mume? Utamwambia mumeo akamdai nduguye? Hapo tena si biashara ni kikao cha ukoo.

Na kuna jambo watu hawaliangalii kabisa. Mauzo yakipita kwa till ndo rekodi ya biashara. Ukienda benki ama sacco siku moja kuomba mkopo wa friji au wa kibanda cha maana, kitu cha kwanza watataka kuona ni hela inavyoingia na kutoka. Miaka miwili mitatu ya mahamri yako itakuwa imeandikwa kwa jina la duka la vifaa vya ujenzi, mkopo atapata yeye.

Hiyo KRA anayokutisha nayo tuipige hesabu badala ya kuiogopa. Kuna kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo, na inamhusu anayeuza kuanzia milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka. Sasa wewe, ukiuza 3,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mwaka mzima inakuja 936,000, hujafika. Ukiuza 3,500 kila siku bila kukosa ni 1,092,000, hapo umevuka na ungedaiwa kama 2,700 hivi kwa mwezi. Lakini umesema siku ya mvua unauza nusu yake ama chini, kwa hivyo kwa macho yangu bado uko chini ya laini, ila uandike mauzo yako kwa daftari kila jioni ujue uko wapi, usikisie. Na kodi yenyewe haiangalii mteja alilipa na nini, keshi kwenye mkebe ni mauzo na till ni mauzo. Tena yakipita kwa shemeji ndo yanamvimbisha yeye, halafu akidaiwa kodi ya mahamri unafikiri atakata wapi?

Haya, sasa njia zenyewe.

Hii ya kutumiwa kwa namba yako ya kawaida ndo rahisi kuanza, hujazi fomu, hungoji mtu, na mpaka mia moja anayetuma hakatwi kitu. Ikianzia 101 mpaka 500 ni bob saba, ikipita hapo mpaka elfu ni 13, na ile 1,800 ya samosa yule bwana alikatwa 33. Kwa hivyo hao wanaokugawia mia na kumi usiwalaumu sana, bob saba juu ya 110 ni nyingi kuliko unavyoona, nusu ya hamri na zaidi. Ubaya wa njia hii ni kwamba biashara na nyumba zinalala kitanda kimoja. Fuliza tangu ilipoanza 2019 kazi yake ni hiyo hiyo, ukiwa na deni basi shilingi yoyote itakayoingia kwa M-Pesa yako inaenda kulipa deni kwanza, haiulizi kama ni ya mahamri ama mchango wa harusi, na deni likikaa lina ada yake ya kila siku juu. Wengi wanafikiri dawa ni kutofuliza tena maishani, sawa ukiweza, lakini shule zitafungua tena Januari na wewe ni mzazi. Dawa yenye nguvu ni hela ya unga isipite kabisa mahali ambapo deni la sare linaweza kuigusa.

Na hilo la kurudishwa. Kwa namba ya kawaida anayetuma akisema amekosea anaisambaza ile meseji kwa 456, namba ya Safaricom, na kama hela bado iko kwako inaweza kushikwa na kurudishwa kwake. Hiyo imewekwa kwa nia njema, watu wanakosea namba kila siku, mtu katuma karo ya mtoto kwa fundi wa viatu. Wezi nao wameijua. Wanachukua mzigo, wanatoka nje ya mlango, wanasambaza meseji. Anayeuza kitu kinacholiwa ndo wanamtafuta zaidi manake samosa huwezi kuzirudisha dukani.

Pochi la Biashara, ile ya binti wa mamako mdogo, ilitoka 2020 kwa ajili ya watu kama wewe hasa. Unajisajili mwenyewe kwa *334# laini ile ile, hela ya wateja inakaa kwa mkoba wake mbali na M-Pesa yako ya nyumbani, na mteja akitaka kuirudisha lazima wewe ukubali. Kwa hiyo kwa Fuliza na kwa wezi wa samosa imekusaidia, mradi usiwe unaihamisha kila saa kuja kwa M-Pesa yako wakati una deni, ukiihamisha tu umeipeleka mwenyewe mdomoni. Lakini mteja anakatwa kama anavyokatwa akituma kwa namba, yani 110 bado ni bob saba, mchezo wa mia na kumi utaendelea. Na kwa kibao bado itakuwa namba yako ya simu, "mama mahamri umelala" nayo itaendelea.

Till ndo naipenda kwako, na si kwa sababu ya fasheni. Mteja halipi ada hata senti. Wewe malipo yasiyozidi 200 hukatwi, ikizidi hapo unakatwa asilimia 0.55. Sasa angalia biashara yako ilivyo, nani asubuhi anakula mahamri ya zaidi ya mia mbili? Labda mtu anawalipia wenzake. Karibu yote yanapita bure pande zote mbili, mtu atatuma 110 mara moja, meseji moja. Kwa oda ya 1,800 ungekatwa kama bob kumi hivi na yeye asikatwe zile 33, sioni wa kulalamika hapo, hata ukiongeza bob kumi kwa bei hatajua. Hela ikishaingia, kurudishwa kunapitia kwako wewe mwenye till, si mtu kubonyeza akiwa kwa ngazi. Na kwa kibao unaandika namba ya till na jina la biashara, simu yako haionekani popote. Hilo la mwisho peke yake mimi ningelisajilia till hata kama ada ingekuwa mara mbili, na nawaambia kina mama wote wenye vibanda, namba ya simu ya nyumbani haina kazi ukutani.

Ubaya upo. Kusajili kuna kuzungushwa kidogo, uende na kitambulisho chako na PIN ya KRA, yani namba yako ya kodi, na uliza siku hiyo hiyo ada za kuhamisha hela kutoka till kuja kwa laini yako au benki, manake hizo zina bei yake kutegemea kiasi na watu wengi wanazijua baada ya kukatwa. Weka jina la biashara ambalo mteja akiliona kwa simu yake atajua ni wewe, si jina la mtu asiyemjua, la sivyo kila asubuhi utaulizwa "hii ni ya nani?" watu wakiwa kwa foleni. Na PIN ya siri ya till ni yako wewe. Si ya kijana wa kuosha vikombe, si ya mume, na Mungu anisamehe, si ya shemeji.

Sasa kutoa hela, hapa ndo pesa yako inavuja kuliko kote na hukuniuliza. Kwa ajenti, kutoka kwa laini ya kawaida, kutoa kuanzia 101 mpaka 2,500 ni bob 29, bei moja. Anayetoa 300 ya mafuta ya kupikia amelipa 29, anayetoa 2,500 amelipa 29 hiyo hiyo. Yule wa 300 ameacha karibu bob kumi kwa kila mia! Ukivuka kidogo tu, 2,600, inaruka inakuwa 52. Wengi wanaambiana bora ungoje utoe kwa wingi, si kweli kila mara: kutoa 12,000 kwa mpigo ni 167, lakini ukitoa 2,400 mara tano, ni 145. Ukifika 20,000 ndo kwa mpigo inashinda, 185. Sasa wewe hutoi elfu ishirini, kwa hivyo shika hiyo moja kichwani, toa 2,500 au karibu yake, usitoe mia tatu mia tatu. Katika hizo ada asilimia 15 ni ushuru wa serikali, ulipanda kutoka 12 mwaka 2023, kwa hiyo bei hubadilika, chungulia bango la ajenti kila bajeti ikisomwa.

Na bora kuliko kutoa ni kutotoa. Unga, sukari na mafuta unanunua kwa duka la jumla, si ndio? Maduka hayo karibu yote yana till. Ukimlipa kwa till kutoka kwa M-Pesa yako ya kawaida wewe mnunuzi hukatwi. Mzunguko ukiwa hivo, mteja anakulipa kwa simu, wewe unamlipa wa jumla kwa simu, 29 ya ajenti hukutani nayo isipokuwa kwa vitu vya keshi, makaa, nazi na mbaazi za sokoni Kongowea, nauli.

Ndo maana mumeo naye hajakosea, amekosea mkebe tu. Keshi usiifukuze. Asubuhi feri ikiwa inapakia hakuna kitu cha haraka kama noti ya mia, mtu anaweka mezani anaondoka, hakuna kungoja meseji, hakuna mtandao kulala, hakuna bando, simu haijazima chaji. Wazee wengi wanaokunywa chai kwako hawataki kusikia habari za till na wana haki yao. Lakini keshi haina shahidi. Ikiibiwa imeibiwa, kijana akichomoa hamsini kila siku hutajua, na ukiwa nayo kwa pindo la leso mwisho wa siku inanunua vitu ambavyo hukupanga, mtoto kaomba hiki, jirani kaomba kile. Na ya kulaza juu ya kabati nayo ina hatari yake hata mwizi asipokuja. Juni 2019 Benki Kuu ilitangaza noti mpya, na noti ya zamani ya elfu moja ikapewa mpaka tarehe 30 Septemba mwaka huo, baada ya hapo karatasi. Waliokuwa na mikebe walikimbia sana miezi hiyo. Kwa hiyo keshi iwe ya leo na kesho, si ya mwaka.

Chenji nayo nina wazo, na wazo lenyewe limetoka kwa bei zako. Chai ishirini, mbaazi hamsini, mahamri matatu thelathini. Hesabu. Mia moja kamili! Andika kwa kibao kikubwa, "Chai, mbaazi na mahamri 3, mia tu", uone. Anayelipa keshi anatoa noti ya mia hangoji chenji. Anayetaka hamri la nne atakuwa na kumi yake ya sarafu ama analipa till. Wale wengine wa noti kubwa waambie mapema, kabla hawajakaa, asubuhi thao hatuvunji, walipe till. Jioni ndo sarafu zinaingia, bhajia za ishirini na viazi vya thelathini, hizo usizipeleke kokote, zilaze kando ziwe chenji ya alfajiri. Zikipungua waone makanga wa matatu, wao sarafu zinawalemea na watafurahi kupata noti.

Kuhusu meseji bandia, manake ukianza till watakuja nazo. Usiangalie simu ya mteja hata akikuonyesha kwa mapenzi gani, skrini inaweza kuwa picha ya malipo ya jana, inaweza kuwa meseji aliyojiandikia. Angalia simu yako. Meseji ya kweli inatoka kwa jina la M-Pesa, haitoki kwa namba ya kawaida ya mtu, na ikikutia wasiwasi angalia salio, salio halidanganyi. Anayekupigia mara baada ya meseji kama hiyo akilia "mama nimekosea nimekutumia 3,000 nirudishie haraka mtoto yuko hospitali" usitume chochote, mwambie arudishe mwenyewe kwa utaratibu, na meseji ya utapeli isambaze kwa 333. Tafuta kisimu kidogo cha bei nafuu kikae pale mezani na laini ya biashara, hii simu yako ya kuangalia picha za harusi iache kwa mkoba. Na upige *100*100# kwa laini hiyo, inazuia mtu kwenda kubadilishiwa kadi ya simu yako pasipo wewe kwenda mwenyewe, inachukua dakika moja.

"Nitakupa jioni" nayo ni njia ya malipo, tena kwa vibanda vyetu ndo njia ya pili kwa umaarufu. Sikukatazi, wabeba mizigo wa bandarini wengine wanalipwa wikendi na hao hao ndo wanaokula kila siku bila kukosa. Ila jina liandikwe mbele yake, liwe na kikomo, mia tatu basi, na asiyelipa wiki iliyopita chai yake wiki hii ni ya keshi. Sasa ukiwa na till ile sababu ya "sina chenji mama" imekufa, anaweza kukulipa akiwa katikati ya maji.

Kadi mwambie huyo bwana ende hoteli za Diani. Mashine ya kadi kwa hamri la kumi ni mzaha.

Kwa hiyo ukiniuliza wiki hii ufanye nini: lipa hiyo Fuliza imalizike hata kama ni kwa kujinyima hela ya bhajia za jioni mbili tatu, wakati huo fungua Pochi leo hii hii manake ni ya dakika chache na hela ya wateja itakuwa imeshatoka kwa M-Pesa ya nyumbani, halafu fuatilia till ya jina lako taratibu, ikitoka ukifute kile kibao chenye namba ya simu. Shemeji mwambie asante sana, nimepata ya kwangu, wala usimweleze zaidi. Oda yoyote ikizidi elfu moja, nusu ya hela iingie kabla hujakanda, nusu wakati wa kukabidhi, na ukishaiona kwa salio ndo unafungua mfuniko.

Na huyo wa 1,800, mbona unampigia simu? Si samosa ulimpelekea mwenyewe mpaka ofisini, unapajua. Meseji ya kuingia unayo, ya kurudishwa unayo. Vaa vizuri, vuka na feri ya saa nne, nenda na mumeo, ukae pale mapokezi na umuulizie kwa jina lililotokea kwa M-Pesa, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wale wenzake waliokula. Wakikwambia hayupo, sema utangoja. Akikataa kabisa, meseji zile zile mbili ndo utazipeleka polisi.